Jinsi Nilivyomnawisha Malkia Uso

Jumatatu, 3 Machi

Daftari la kliniki la Bosi lina kurasa nyingi tupu nyuma. Nitaandika humu. Nesi akiliona atanimaliza, lakini nesi huwa anaangalia ukurasa wa uzito tu.

Bosi ni binti yangu. Ana miezi minane na meno mawili, na nyumba nzima inafanya anavyotaka yeye. Nyumba yenyewe ni ya baba mkwe wangu. Ina vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja cha Baba, kingine cha Wifi, dada wa mume wangu. Sisi watatu tunalala sebuleni nyuma ya pazia. Choo kiko uani. Anayekwenda chooni anapita miguuni kwetu. Baba anakwenda mara nne. Wifi anakwenda mara mbili, na akipita anatumulika na tochi eti anatazama kama mtoto amejifunika.

Huko uani kuna banda. Si banda la kuku! Kuta za tofali, dirisha, mlango wenye komeo kwa ndani. Komeo! Analala nani humo? Gari.

Ni gari la spoti la zamani, jekundu, viti viwili, halina paa, halijawaka tangu nikiwa darasa la pili. Baba anamwita Malkia. Alimnunua kabla hajaoa. Marehemu mama mkwe alikuwa anamwita mke mwenzake.

Leo mchana Baba kaweka kijiko chini, kakohoa, katangaza. Amepatikana bwana mmoja anayekusanya magari ya zamani. Anamtaka Malkia. Sharti moja: ithibitike kwamba injini iliyomo ndiyo aliyozaliwa nayo. Eti magari mengi ya namna hiyo yamekwisha kufa injini, yakawekewa ngeni, halafu wajanja wanasaga namba ya ile ngeni na kugonga juu yake namba iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Kwa hiyo Jumamosi anakuja mkaguzi, kazi yake ni hiyo tu, kusoma chapa za injini na kusema ipi ya kweli ipi ya uongo.

Akipita, Malkia anaondoka, banda linabaki tupu. Asipopita, Baba hamuuzi kama chuma chakavu. Atakaa bandani mpaka Baba aingie kaburini, na hata hapo Baba amesema atafikiria.

Kabla sijameza, Wifi kasema banda ni la cherehani yake. Nikasema banda ni la mjukuu. Wifi akasema mjukuu hashoni. Nikasema cherehani hailii. Baba kagonga meza: atakayesaidia Malkia apite ndiye atakayepewa banda. Basi!

Baba Bosi, mume wangu, anachomelea mageti na amechoka kila siku. Kaniambia nisijiingize. Nimejiingiza.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kumwona Malkia, Bosi mgongoni. Baba Bosi alinionyesha kabla hajaenda kazini. Mbele ya injini, chini ya pampu ya maji, kuna sehemu bapa ndogo kama kasha la kiberiti. Hapo ndipo kiwandani waligonga namba, tarakimu moja moja, kwa nyundo na vyuma. Mimi naiita paji la uso.

Paji la uso la Malkia ni chafu kama sufuria ya msibani. Namba haionekani. Nikakumbuka mchezo wa shuleni: unaweka karatasi juu ya sarafu, unasugua penseli, picha inatokea. Nikafanya hivyo. Ikatoka! Tarakimu tisa! Nikaweka karatasi kwenye kiti cha Malkia nifunge boneti.

Bosi kala tarakimu tatu za mwisho.

Nilisubiri. Mama yeyote anajua nilichosubiri. Hazikusomeka.

Nikarudia kwa karatasi nyingine. Tarakimu zote zinalingana na kadi ya gari isipokuwa ya sita. Kadi inasema nane. Karatasi inasema nane au tatu, inategemea umeinamisha kichwa upande gani. Wifi katokea nyuma yangu. Wifi ana cheti cha kompyuta, miezi mitatu, chenye mhuri wa rangi ya dhahabu. Kaniangalia mimi niliyeishia darasa la saba, kaangalia karatasi, kasema hiyo ni tatu, injini si yake. Kakimbia ndani kumwambia Baba. Kukimbia kweli, ndala moja ikabaki uani.

Baba hakumaliza chakula. Nikamwambia ni nane iliyojaa uchafu tumboni. Hakuna aliyenisikiliza ila Bosi.

Jumatano, 5 Machi

Siku yangu! Nimewaza tangu alfajiri. Mgeni anakuja kumtazama mtoto wako. Unafanya nini? Unamnawisha uso! Hivi mimi ningempeleka Bosi kliniki na makamasi, halafu nishangae nesi akisema hamtambui?

Bosi kalala saa nne. Nikaingia kazini. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Natumaini ulikuwa wa zamani. Uchafu ukatoka vipande vipande, lakini bado paji lilikuwa na weusi fulani na vijistari vijistari, kama shingo ya mtoto asiyependa maji. Nikachukua msasa wa Baba Bosi. Kwanza ule unaokwaruza, halafu ule laini. Nikasugua huku naimba. Bosi kaamka kanikuta naimba, akapiga makofi.

Linang'aa! Ni kioo! Nilimshika Bosi mbele yake akajiona, akajichekea. Na ile tarakimu ya sita? Nane! Kichwa kidogo juu, tumbo kubwa chini, kama mimi mwezi wa tisa. Nane isiyo na ubishi!

Baba kaja, kainama, hana miwani, kasema hajawahi kumwona Malkia namna hii tangu siku aliyomleta. Akanipa ufunguo wa banda nishike. Mimi!

Nikamwita Wifi aone. Kaangalia, kafungua mdomo, kaufunga. Wivu unampa mtu ububu, jamani.

Nimepima kwa hatua. Kitanda kinaingia ukutani, cha Bosi chini ya dirisha, na nafasi inabaki.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wifi hakutoka chumbani asubuhi yote, anasoma kwenye simu. Saa tano katoka anatabasamu. Wifi akitabasamu ficha watoto. Kanishika mkono kama anayetoa pole, kaniambia, "Hongera wifi yangu. Umemnawisha mpaka umemchuna ngozi."

Nikauliza ngozi gani. Akanisomea. Eti mkaguzi hatazami namba peke yake. Anatazama chuma kilicho chini ya namba. Kiwandani, kabla ya kugonga, mashine hukata ile sehemu bapa na kisu chake huacha mistari myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja. Mistari ikiwepo, chapa ni ya kweli. Mistari isipokuwepo, maana yake kuna mwizi aliyesaga namba ya zamani.

Vile vijistari. Shingo ya mtoto asiyependa maji.

Nilikaa chini. Bosi kanishika pua.

Nimechukua injini ya kweli nikaifanya ya uongo. Kwa mikono hii. Huku naimba!

Wifi kasema hatamwambia Baba. Nikashukuru. Akasema usishukuru, nataka mkaguzi amwambie mwenyewe, yeye ana vyeti vingi zaidi.

Baba Bosi karudi nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, akakaa kitandani, akatazama pazia letu kwa muda mrefu. Baba akapita kwenda chooni, akasema samahani wanangu, akapita. Baba Bosi kaniambia pole pole, mke wangu, usimguse tena. Kaniapisha. Nikaapa kwamba sitamsugua tena.

Kusugua ni kitu kimoja. Kurudisha mistari ni kitu kingine.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu uma. Umepinda.

Nimejaribu kitana cha Bosi. Meno sita yamebaki humo.

Kisha nikaona blade ya msumeno wa chuma kwenye boksi la Baba Bosi. Meno madogo, sawasawa, kama yametengenezwa kwa ajili yangu! Nikaiburuta juu ya paji. Mstari! Mzuri! Nikaburuta tena. Bosi mgongoni akadhani tunacheza farasi. Kila nikiburuta anaruka. Mistari kumi ya kwanza imelala upande mmoja. Inayofuata imelala popote ilipopata nafasi. Mmoja umekwenda mpaka kwenye pampu ya maji kusalimia.

Sasa ilikuwa inang'aa mno, mistari ya leo kwenye gari la zamani! Lazima izeeke. Nikapaka ndimu na chumvi ili ipate kutu. Nikaona kutu inachelewa, nikaongeza majani ya chai. Nikamalizia na masizi ya sufuria.

Nikarudi nyuma hatua tatu nitazame. Malkia ana uso wa mtu aliyetoka tetekuwanga akaangukia jikoni. Lakini ukifumba jicho moja, na jua likiwa nyuma yako, si mbaya.

Wifi naye ana mbinu zake. Ameandaa faili lenye jalada la plastiki, kurasa kumi na nne, ameandika kwa kompyuta ya rafiki yake. Ukurasa wa kwanza una picha ya Malkia na picha ya Wifi. Ya Wifi ni kubwa zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Mkaguzi kaja saa tatu kamili. Mtu mfupi, miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Begi kama la mkunga. Glovu nyeupe. Baba kavaa koti. Baba Bosi kaomba ruhusa kazini. Wifi kamwendea na faili, kaanza kumweleza kuhusu uhalisia na uthibitisho na mchakato. Mkaguzi kamsikiliza kwa adabu yote, halafu kamwomba chai isiyo na sukari.

Nilifurahi. Dakika moja.

Kafungua boneti. Kawasha tochi. Kateremsha miwani ya pili juu ya ya kwanza. Kainama zaidi. Kimya. Bosi kacheua, kila mtu akashtuka.

Kisha kanusa. Kweli kanusa! Kamwuliza Baba kama injini hii imewahi kutiwa ndimu.

Baba kasema haijawahi. Mkaguzi kavua glovu moja, kamwambia kwa sauti ya daktari: Mzee wangu, miaka ishirini na sita natazama namba za kughushi. Nimeona za mabingwa, nimeona za wanafunzi. Lakini aliyefanya hii alikuwa anacheza ngoma huku anafanya kazi.

Wifi hakucheka. Hilo nitalisema siku zote, hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake.

Baba alishika ukingo wa boneti. Akasema labda alidanganywa siku ile aliyonunua. Labda miaka yote hii amekuwa anapangusa gari la mwizi. Akauliza kama jambo hilo linawezekana, mtu kudanganywa miaka arobaini asijue. Akauliza taratibu sana, kama anayeomba njia apite.

Sikuweza. Ningekuwa na moyo wa jiwe ningenyamaza, nikangoja ya kesho. Nikasema ni mimi. Nikasema yote. Mswaki, msasa, uma, kitana, blade, ndimu, chai. Nikaonyesha kitana. Nikasema injini ya Baba ni ya kweli na mistari ilikuwepo, mimi nilidhani ni uchafu wa shingo.

Mkaguzi kanitazama. Kamtazama Bosi, ambaye alikuwa ameshika ile glovu anaila. Halafu akacheka, akajizuia, akacheka tena, akaenda kusimama nyuma ya banda mpaka amalize.

Karudi akiwa mtu wa kazi. Amesema umbo la tarakimu ni la kiwanda kile hasa. Nane ya namna hiyo, kichwa kidogo tumbo kubwa, wajanja hawawezi kuipata. (Niliwaambia!) Lakini bila mistari hawezi kuweka sahihi. Mkono wake hauandiki asichokiona. Wifi akauliza kama hakuna kabisa namna nyingine. Wifi! Sauti yake ilikuwa ndogo.

Ipo moja. Nyuma ya dashibodi, kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, mafundi wa kiwanda walikuwa wanaandika namba ya injini kwa penseli ya nta, wasije wakachanganya magari. Mara nyingi maandishi hayo yamefutika. Kama yapo, na ni ya wakati ule, yatamtosha. Tochi yake haifiki huko. Atarudi Jumatano na kamera ndogo ya waya. Na mtu asiguse. Alisema mtu, lakini alinitazama mimi.

Alipoondoka Baba akaenda kukaa ndani ya Malkia, mikono kwenye usukani. Nikampelekea chai. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kufukuzwa. Kanywa nusu. Kasema, Mama Bosi, usilie, marehemu mama yenu aliwahi kumpaka rangi ya ukuta iliyobaki jikoni, upande wa kushoto wote, na Malkia akamsamehe. Akanyoosha mkono apewe mjukuu. Wakakaa wawili, hawaendi popote, Bosi anapiga honi isiyolia.

Jumapili, 9 Machi

Nimenyang'anywa ufunguo. Anao Wifi, ameutundika shingoni kama mkufu. Analala nao. Leo kaninong'oneza kwamba hata yeye sasa anataka Malkia apite, habari ya banda tutagombana baadaye kama watu wazima. Anasema jana usiku alimsikia Baba anazungumza peke yake chumbani, anamwomba radhi Malkia kwa kumshuku.

Nilitaka kumkumbatia Wifi. Akasema nisimguse, mimi nikigusa kitu kinapoteza mistari.

Baba hajala vizuri. Baba Bosi kaniapisha upya. Safari hii kaorodhesha: msasa, blade, ndimu, chai, chumvi, masizi, na kitu chochote chenye meno. Nikaapa kimoja kimoja, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Na nitashika kiapo changu neno kwa neno!

Jumanne, 11 Machi

Mkaguzi anakuja kesho. Sikupanga kwenda bandani, naandika ukweli mtupu. Nilikwenda kuanika nepi. Ukuta wa nyuma wa banda una tundu lililozibwa kwa bati lenye msumari mmoja tu, na mtu akiliegemea linafunguka. Nililiegemea.

Nilitaka kutazama tu. Si bora tujue leo kama maandishi yapo, kuliko Baba avae koti tena aaibike tena?

Nimelala chali chini ya dashibodi, Bosi kakaa kwenye kiti cha dereva. Mkono wangu mwembamba, unaingia mpaka mwisho. Nikapitisha kioo kidogo na tochi ya simu.

Yapo!

Yapo, jamani! Rangi ya njano, namba nzima, tarakimu tisa na ile nane yetu katikati. Nililia, machozi yakaingia masikioni. Kuna mtu, sijui nani, mbali huko ng'ambo, aliandika haya Baba akiwa bado kijana hajamjua hata mkewe. Baba hakudanganywa. Malkia ni Malkia!

Lakini yamefifia! Maskini, yamebaki kama moshi. Na mwandiko! Huyo fundi aliandika kama anakimbilia chakula. Saba yake ni moja, tano yake ni nyoka. Mkaguzi ana miwani mbili na bado aliinama mpaka kunusa ndipo akaiona nane. Kamera ya waya itaona nini humo?

Sikutumia msasa. Sikutumia ndimu. Sikutumia kitu chochote chenye meno. Nilikwenda chumbani kwa Wifi kwa kunyata, nikaazima penseli yake ya wanja. Ana mbili.

Nimeyakoleza. Pole pole, tarakimu moja baada ya nyingine, juu ya mwandiko wake huyo huyo, sikutoka nje ya mstari hata mara moja. Ya kwao ilikuwa njano, hii ni nyeusi, lakini nyeusi inaonekana vizuri zaidi. Ile saba nimeitia mkia. Tano nimeinyoosha. Mkaguzi alisema mtu asiguse. Sikugusa. Kilichogusa ni wanja.

Na kwa kuwa nafasi ilibaki pembeni, na kwa kuwa sitaki Baba aulizwe maswali mengi, nimeongeza mstari mmoja chini kwa mwandiko wa yule fundi: INJINI NI HII HII. SISI MAFUNDI WA KIWANDA.

Kesho saa tatu. Nitavaa gauni la buluu, nisimame mbele kabisa, nione uso wake akisoma.